Meza ya Picha: Kamera tatu, midomo mitatu

Toleo hili nimeliachia maswali ya kuhariri video za kamera nyingi peke yake. Mavuno yakishaingia ghalani na viazi vikishauzwa, harusi huku kwetu Mbeya hufuatana Jumamosi hadi Jumamosi, na meza yangu hapa Mwanjelwa hujaa maswali ya aina moja: picha zimeachana na sauti. Barua zinazofanana nimezijibu kwa pamoja, na nyingine nimezifupisha.

Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Tukuyu, narekodi kwaya na harusi. Kwenye ibada ya juzi niliweka kamera mbili na simu moja, sauti nikaichukua kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki, kwa rekoda ndogo. Mwanzo wa taimulaini, ule mstari wa muda kwenye programu ya kuhariri, vyote vinaendana vizuri kabisa. Nikifika nusu saa, mhubiri amefunga mdomo na sauti bado inaongea, na simu ndiyo mbaya kupita zote. Fundi mmoja kaniambia kosa ni kuchanganya fremu, yaani picha moja moja za video, 30 kwa sekunde za simu na 25 za kamera. Ni kweli? Ndaga fijo.

Marahaba mwanangu. Fundi wako amepita jirani na ukweli, hakuingia ndani. Fremu 30 ukiziweka kwenye taimulaini ya 25, programu inatupa fremu tano kila sekunde. Utakachoona ni mwendo wa kushtukashtuka, hasa watu wakicheza au kamera ikigeuka. Midomo haitaachana na sauti kwa sababu hiyo tu, maana sekunde inabaki sekunde.

Kabla hujasogeza klipu yoyote, yaani kipande cha video, nenda ukapime pengo la picha na sauti likoje. Tafuta neno lenye p, b au m, kwa kuwa hapo midomo hufunga na jicho haliwezi kukosea. Mhubiri hawezi kukunyima maneno hayo: Baba, Mungu, mbinguni, pamoja. Pima mwanzoni, pima katikati, pima mwishoni, kila kamera peke yake dhidi ya sauti ya rekoda. Utakuta moja ya hali tatu.

Kama pengo ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, uliipanga klipu vibaya. Isogeze, umemaliza, kanywe chai.

Kama pengo linakua polepole na kwa usawa, shida ni saa. Kamera ina saa yake ndani, rekoda ina yake, na hakuna kiwanda kinachotengeneza mbili zinazofanana kabisa. Tofauti ya sehemu 20 katika milioni ni kitu kidogo sana kwa mtu wa kawaida, lakini kwa saa nzima inakupa milisekunde 72. Fremu moja kwenye mwendo wa 25 ni milisekunde 40, kwa hiyo hapo umeshapoteza karibu fremu mbili bila kugusa chochote. Dawa zipo mbili. Unaweza kuivuta sauti iwe ndefu au fupi kidogo mpaka mwisho wake ukutane na picha. Au ufanye ninavyofanya mimi kwenye mahubiri: ninakata sauti pale mhubiri anapovuta pumzi, nasogeza fremu moja, naendelea. Hakuna atakayesikia. Kwenye wimbo usithubutu, maana ukisogeza fremu moja katikati ya mapigo, mpiga kinanda atakupigia simu usiku huo huo. Wimbo unaanza na kuisha ndani ya dakika chache, upange upya kila wimbo ukianza.

Pengo likikua kwa sekunde nzima nzima, hiyo si tofauti ya saa za ndani tena. Kuna kamera zinazoandika 30 lakini kwa kweli zinakimbia 29.97. Programu ikiisoma klipu hiyo kama 30 kamili, kwa saa moja unapishana sekunde 3.6. Fungua sifa za klipu uone namba halisi, kisha uiambie programu iisome kwa namba hiyo.

Hali ya tatu ndiyo ya simu yako, naamini: pengo linaruka. Dakika kumi safi, halafu ghafla midomo imetoka, halafu karibu inarudi. Simu nyingi hazishiki mwendo mmoja. Kanisani kukiwa na giza kidogo, au simu ikipata moto, inapunguza fremu ili ijiokoe, kisha inaongeza tena. Programu ya kuhariri inategemea fremu zije kwa mwendo mmoja, kwa hiyo inajikanganya. Ukivuta sauti ya klipu kama hiyo utahangaika hadi asubuhi. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, ambayo ni ya bure. Kwenye sehemu ya video chagua fremu 25 na uweke alama kwenye mwendo usiobadilika, usiache ule unaobadilika. Inachukua muda, iache usiku ifanye kazi. Faili litakalotoka ndilo unaloliingiza kwenye taimulaini. Safari ijayo tumia programu ya Blackmagic Camera kwenye simu, nayo ni ya bure, ikuruhusu kuchagua fremu 25 na kupanga mwenyewe shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, isibadilike.

Sasa la msingi, ambalo halihitaji kompyuta. Piga makofi. Simama mahali ambapo kamera zote zinakuona na maiki inakusikia, piga kofi moja la nguvu, zote zikiwa zinarekodi. Hilo wengi mnafanya. Wachache hupiga tena mwisho kabla ya kuzima, na kofi la mwisho ndilo linalokuonyesha saa zimeachana kiasi gani. Bila hilo unabahatisha. Halafu ukishaanza kurekodi usizime-zime. Kila ukizima unajitengenezea kazi nyingine ya kulinganisha. Na asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, weka tarehe na saa ya kamera zote ziwe sawa. Nimeletewa kadi zinazosema harusi ilifungwa mwaka 2012 usiku wa manane.

Kwako wewe wa Tukuyu naongeza jambo moja. Mvua yenu naijua. Ikishuka juu ya bati la kanisa, kila kamera inasikia mvua iliyo juu yake kuliko inavyomsikia mhubiri, na programu inayolinganisha kwa mawimbi ya sauti haina cha kushika. Ikikuambia imeshindwa usiilaumu. Rudi kwenye kofi lako, au kwenye p, b na m.

Kamwene mama. Mume wangu anapiga picha na mimi nahariri, tuko Iringa mjini. Kanisani tuliweka kamera moja karibu na madhabahu na nyingine nyuma kabisa, juu kwenye roshani. Nimelinganisha kwa mawimbi, mawimbi yamekaa pamoja kabisa hadi nimeyakuza na kuyaangalia. Lakini nikikata kwenda kamera ya nyuma, mpiga ngoma anagusa ngoma kwanza, mlio unafuata. Nimerudia mara nyingi. Nini kinanishinda?

Kamwene dada. Umbali ndio unaokushinda. Programu imefanya kazi yake sawasawa, imelinganisha sauti na sauti. Ila sauti hutembea na mwanga hausubiri. Hewani, kwenye nyuzi joto 20, sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Ndani ya fremu moja ya milisekunde 40 inakuwa imetembea kama mita 13 na nusu hivi, pungufu kidogo ya 14. Kama roshani yenu iko mita 27 kutoka kwenye ngoma, kamera ile iliona mkono ukigusa ngoma papo hapo, lakini mlio uliifikia baada ya fremu mbili. Ulipovuta sauti yake ikae sawa na ya mbele, ukaivuta na picha yake pamoja. Sasa picha ya nyuma inawahi fremu mbili. Isogeze klipu hiyo kulia fremu mbili, sauti yake izime, tumia ya mikisa. Mlio utakaa mkononi.

Angalia jambo moja kabla hujachukua futi ya kupimia. Ikiwa kanisa lina spika hadi nyuma, na moja imening'inia mita mbili toka kwenye kamera, basi kamera ilisikia spika hiyo, na umeme kwenye waya hauchelewi. Hapo unahesabu umbali wa spika. Lakini ngoma mara nyingi haipitishwi kwenye maiki, kwa hiyo unaweza kukuta mhubiri yuko sawa na ngoma haiko sawa ndani ya klipu moja. Ndivyo ilivyo. Chagua kipi kinaonekana zaidi.

Na wale watakaoniandikia kwamba milimani kwetu hewa ni nyepesi hivyo hesabu zibadilike: mwinuko haubadilishi mwendo wa sauti, baridi ndiyo inabadilisha, na kidogo tu. Asubuhi ya Julai kwenye nyuzi 10 sauti inashuka hadi kama mita 337. Kwa fremu ni pungufu ya robo mita. Tusisumbuane.

Kitu cha kukusaidia ukiwa na mashaka: mtazamaji anavumilia sauti iliyochelewa kuliko iliyowahi. Vipimo vya kimataifa vya utangazaji vinaonyesha kwamba sauti ikiwahi milisekunde 45 watu wanaanza kuhisi kuna kitu, lakini ikichelewa inaweza kufika 125 kabla hawajagutuka. Haishangazi. Mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde tumezoea kuona shoka likitua kwanza na kusikia baadaye. Hakuna aliyewahi kusikia kabla ya kuona. Kwa hiyo ukibaki katikati ya fremu mbili hujui uchague ipi, chagua ile inayochelewesha sauti.

Sheria hiyo hiyo inawahusu mnaopeleka kwaya Matema kurekodi video kando ya Ziwa Nyasa. Mnaweka spika ya kuchezea wimbo pembeni ili isionekane, waimbaji wanasimama mbali nayo kwenye mchanga, safu ya nyuma inasikia baada ya safu ya mbele, mawimbi ya ziwa nayo yanapiga. Halafu mnaniletea midomo ya kila safu na wakati wake. Spika iwe karibu na kwaya, nje kidogo tu ya picha.

Kompyuta yangu mpakato ina RAM ya gigabaiti 8. Klipu moja inacheza vizuri. Nikifungua kamera tatu pamoja inaganda, picha inakwenda kama maonyesho ya slaidi. Ninunue nyingine? – Fundi wa Mafinga

Usiuze mbao zako za Mafinga ununue nyingine, bado. Ukifungua kamera tatu pamoja kompyuta inafungua picha tatu kwa mpigo mmoja, na faili za kamera zimebanwa kwa namna ambayo ili kuonyesha fremu moja inabidi ihesabu na majirani zake. Zile za simu za mbano wa H.265 ni nzito zaidi. Tengeneza nakala nyepesi, zile tunazoziita proksi. Programu za kuhariri za Premiere Pro na DaVinci Resolve zote zinaweza, na Resolve ina toleo la bure linalotosha kwa harusi. Unahariri kwa nakala ndogo, na wakati wa kutoa kazi programu inarudi yenyewe kwenye faili kubwa. Punguza pia ubora wa kuchezea uwe robo.

Pesa kidogo ukiipata, nunua SSD ya nje, ile diski isiyozunguka, kabla ya kufikiria kompyuta. Kamera inayoandika megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22 na nusu kwa saa. Kamera tatu, shughuli ya saa nne, ni gigabaiti 270. Diski ya zamani inayozunguka inabeba mzigo huo kwa ukubwa, lakini kichwa chake kikitakiwa kusoma sehemu tatu kwa wakati mmoja kinahangaika. Na hizo 270 ziwe mahali pawili kabla hujafuta kadi. Umeme wetu unajulikana.

Ukumbi mmoja hapa Njombe, kamera moja inatoa mistari inayopanda na kushuka, nyingine ni safi. Ni zile zile, aina moja.

Aina moja, mpangilio tofauti. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa zake humeta mara 100 kwa sekunde. Kamera yenye mistari nadhani imewekwa kwenye mfumo wa Marekani, fremu 30 na shata ya 1/60. Zote ziweke 25, shata 1/50 au 1/100, basi. Kwenye jenereta habari inabadilika: ikizidiwa na friji za soda na spika za muziki, mzunguko unashuka chini ya 50 na mistari inarudi ingawa umepanga vizuri. Ongea na mwenye jenereta, hutamaliza kwenye kamera. Taa za bei nafuu za LED za rangi rangi zina tabia yake zenyewe. Hizo kabla ya sherehe unasimama, unaangalia kioo cha kamera, unajaribu shata moja moja.

Mama, shikamoo. Niko Tunduma. Nilihariri harusi ya kamera tatu, nikakata kila sekunde mbili tatu ili iwe ya kisasa. Wenye harusi wamerudi na malalamiko, wanasema video inaruka ruka na shangazi wa bwana harusi haonekani akitoa zawadi. Shangazi yumo, nimemuonyesha. Wanataka nirudie bure. Nifanyeje?

Marahaba. Rudia, na shangazi mpe muda wake.

Nina maneno kidogo hapa, nivumilie. Kamera tatu zimekuja tuweze kuchagua, na wengi mnaona kama lazima zote zitumike kila dakika. Video ya muziki ina mahitaji yake. Video ya harusi itatazamwa sebuleni na watu wanaotafuta nyuso. Shangazi ametoka Sumbawanga kwa basi, amebeba blanketi na sufuria, amejipanga kwenye foleni, ameimbiwa, amecheza hadi mbele. Wewe umempa sekunde mbili, moja akiwa ameinama. Mimi kwenye zawadi napenda kamera pana ikae muda mrefu, mtu aonekane akija toka mbali na zawadi yake kichwani, halafu nakata mara moja kwenda karibu anapofika kwa maharusi, nakaa hapo hadi amekumbatia na kugeuka. Ukiwa na kundi zima la ukoo, kamera ya tatu itafute vigelegele upande wa akina mama, lakini usikimbilie huko kabla mtoa zawadi hajatajwa jina na MC. Jina likitajwa uso uwepo.

Namna ya kufanya kazi: maliza sauti kwanza yote, kisha cheza shughuli toka mwanzo ukichagua kamera kwa moja kwa moja, kama mtu aliye kwenye gari la matangazo. Premiere inakuruhusu kubonyeza 1, 2, 3 kwenye kibodi wakati inacheza. Kwenye Resolve unaweza kubofya picha unayoitaka. Usisimame kurekebisha. Ukikata kwa kusikiliza, mkono wako utafuata mwisho wa mstari wa wimbo na mwisho wa sentensi, mahali ambapo jicho linataka kuhama lenyewe. Baadaye rudi, rekebisha palipokatwa mapema, na futa nusu ya ulivyokata wakati umechangamka.

Jambo jingine nililoliona kwenye kipande ulichonitumia: kanisani kamera moja ilikuwa kushoto kwa maharusi na nyingine kulia. Ukikata, bwana harusi anaonekana akitazama kulia, mara kushoto, kama anatafuta mlango. Kamera za karibu zikae upande mmoja wa ile njia ya katikati. Kwa hii uliyonayo, weka picha pana katikati kila unapohama upande, itafichika.

Kuhusu kurudia bure: zawadi rudia bure, ni haki yao. Wakiomba na ibada ihaririwe upya kwa mtindo mwingine, hiyo ni kazi mpya na ina bei yake.

Kamera yetu ya mtumba inajizima yenyewe kila ikikaribia nusu saa, katikati ya kiapo ikazima. Ni mbovu? Na faili zinatoka vipande vipande, nikiunganisha nasikia sauti inakatika kidogo. – Wawili wa Uyole

Si mbovu. Kamera nyingi za picha za kawaida zilitengenezwa ziishie dakika 29 na sekunde 59, kwa kuwa Ulaya chombo kinachorekodi nusu saa na zaidi kilihesabiwa kamera ya video na kutozwa ushuru mwingine. Vipande navyo ni kwa sababu kadi iliyoumbwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili la zaidi ya gigabaiti 4. Kwa sauti kukatika, naona mnaburuta faili moja moja kutoka ndani ya folda. Nakilini folda nzima ya kadi kama ilivyo, kisha faili mziingize kwa kutumia kivinjari cha ndani ya programu ya kuhariri. Kamera nyingi zinazorekodi kwa mfumo wa faili uitwao AVCHD huweka kwenye folda nyingine maelezo ya namna vipande vinavyoungana, na mkiyaacha nyuma fremu chache za sauti zinapotea kwenye kila kiungo.

Kwa kujizima, zimeni wenyewe kabla haijawazimia, na zisizimwe mbili kwa wakati mmoja. Ya pembeni izimwe na kuwashwa dakika ya ishirini, watu wakiimba. Ya katikati ifuate kama dakika tano baadaye, ya pembeni ikiwa tayari inarekodi. Mchungaji akiwaita maharusi wasimame kwa kiapo, zote mbili ziwe zimeshaanza upya, hata kama zilikuwa na dakika kumi tu.